Kutazama Ndege: Pa Kuanzia, Gharama Yake na Faida Yake kwa Moyo

Kuna jambo unaloweza kulianza kesho alfajiri, kabla chai haijachemka, bila kulipa kiingilio na bila kuomba ruhusa ya mtu: kutazama ndege. Sisemi kuwinda wala kufuga. Nasema kukaa mahali, au kutembea polepole, ukawaangalia ndege walio huru, ukajifunza kuwatofautisha na kuandika ulichokiona. Wengi wetu tumezoea kuiona kama shughuli ya watalii wenye kofia pana na kamera nzito, kwa hiyo tumeipita tu. Ilhali Kenya na Tanzania, kila moja ina aina zaidi ya elfu moja za ndege, na baadhi yao wako juu ya paa lako sasa hivi.

Naandika hasa kwa ajili ya mtu aliyechoka. Labda unauguza mzazi. Labda kazi imekatika. Labda unasali kwa mazoea tu, maneno yanatoka na moyo uko mbali. Nimeona watu wa namna hiyo wakianza kutazama ndege, na baada ya muda wakawa na imani iliyotulia, tumaini lenye sababu, na mkono mpole zaidi kwa viumbe na kwa wenzao. Mambo hayo hayaji kwa kuhubiriwa. Huja kwa kufanya, tena mara kwa mara, ndiyo maana sehemu kubwa ya makala haya inaeleza ufanye nini, wapi, na kwa gharama gani.

Basi anza na kiti. Kiweke uani, barazani, au karibu na dirisha kama unaishi ghorofani. Saa nzuri ni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kisha kuanzia saa kumi alasiri hadi magharibi. Jua likishakuwa kali ndege wengi hujificha vivulini na kunyamaza. Vaa nguo zisizong'aa, simu uizime sauti, ukae dakika ishirini bila kusogeasogea. Mwanzoni utadhani hakuna kitu, kwa sababu waliokuwapo walikimbia ulipotokea. Vumilia. Wakishaona huna hatari watarudi mmoja mmoja, na wengine watashuka karibu kuliko ulivyotarajia.

Usihangaike na ndege adimu. Anza na wa nyumbani: jurawa anayeokota punje karibu na jiko, kunguru, njiwa, yangeyange mweupe anayewafuata ng'ombe, mwewe anayezunguka juu ya soko. Mtazame chozi, yule mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anavyofyonza maua ya mshubiri. Mtazame keremkerem akiwa juu ya waya wa umeme, anavyoruka kumdaka nyuki angani na kurudi palepale alipokuwa. Kama kuna mnana karibu nawe una bahati kubwa, maana utamwona dume akisuka kiota kwa majani mabichi huku majike wakija kukikagua. Kiota kikikataliwa hadi majani yakanyauka, dume hukifumua na kusuka kingine. Unaweza kukaa asubuhi nzima chini ya mti wa mnana na usijutie hata dakika moja.

Utamtambuaje usiyemjua? Jiulize maswali machache, na uandike majibu kabla hajaruka. Ukubwa wake ukoje: anamzidi jurawa, analingana na njiwa, au anakaribia kunguru? Mdomo ni mnene wa kuvunjia mbegu, mwembamba wa kudonolea wadudu, au ni wa ndoana kama wa kipanga? Anafanya nini: anatikisa mkia, anatembea au anarukaruka? Sauti yake ikoje? Rangi iandike pia, pamoja na mahali ilipo, lakini usiitegemee peke yake, kwa kuwa mara nyingi dume na jike hawafanani, na makinda hawafanani na wazazi wao. Jina la kwenu linatosha kwa kuanzia. Daftari la shuleni na penseli vinatosha pia. Penseli ni bora kuliko kalamu ya wino, kwa sababu maandishi yake hayachuruziki yakilowa umande.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama lazima mtu awe na darubini. Si lazima. Kaa miezi miwili mitatu bila darubini, na ukiona bado unaamka alfajiri kwa hamu, hapo ndipo utafute moja. Utakuta imeandikwa namba mbili, kwa mfano 8x42. Ile ya kwanza maana yake kitu kitaonekana kama kimesogea karibu mara nane. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na kioo kipana huingiza mwanga mwingi zaidi. Kwa ndege, 8x42 inafaa kuliko zote. Usidanganywe na muuzaji anayekusifia zile za mara ishirini, kwa sababu mkono ukitetemeka kidogo tu, picha yote inayumba. Nchini Kenya, darubini ya kuanzia yenye kioo kizuri huuzwa takriban kati ya shilingi 5,000 na 15,000. Iliyotumika haina ubaya, ila kabla ya kulipa iangalie: elekeza kwenye maandishi ya mbali, uone kama macho yote mawili yanapata picha moja, na uhakikishe hakuna ukungu wala kuvu ndani ya vioo. Na usielekeze darubini kwenye jua hata kwa sekunde moja. Jua likipita kwenye vioo vile linaweza kukuharibia macho moja kwa moja.

Kwa mwenye simu ya kisasa kuna programu mbili za bure zilizotengenezwa na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Merlin hukuuliza maswali yanayofanana na yale niliyotaja juu, kisha hukuletea picha za ndege wanaoweza kuwa ndio. Pia hutambua picha uliyopiga na sauti uliyorekodi. Bado haijui sauti zote za ndege wetu, kwa hiyo majibu yake yachukue kama ushauri wa rafiki na uyahakiki kwa macho. eBird ni daftari la kuhifadhia orodha zako, na orodha hizo huwasaidia watafiti kujua ndege gani wanapungua na wapi. Zipakue ukiwa penye waifai, maana mafaili yake ni makubwa na yatakumalizia bando. Ukipenda kitabu, kinachotegemewa na wengi ni "Birds of East Africa" cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2002. Ni kwa Kiingereza na si rahisi kwa bei, ila michoro yake inamfaa hata asiyesoma lugha hiyo. Watu watatu wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga na kukimiliki pamoja.

Sasa nije kwenye imani, nikitumia mifano ya dini mbili tunazoishi nazo zaidi. Waislamu wanayo mafundisho ya Mtume kuhusu ndege anayetoka asubuhi na njaa na kurudi jioni ameshiba, kama mfano wa mwenye kumtegemea Mungu ipasavyo. Wakristo wanayo maneno ya Yesu mlimani, alipowaelekeza wasikilizaji wake kwa ndege wa angani ili wasisumbukie chakula. Tumeyasikia mara nyingi mno. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kukaa wakamwangalia ndege huyo anayetajwa, toka anapoamka? John Stott, kasisi wa Kianglikana wa London aliyefariki mwaka 2011, alibeba darubini yake popote alipokwenda kuhubiri, na mwaka 1999 alichapisha kitabu kizima kuhusu ndege kama walimu. Alishikilia kwamba agizo lile la kuwatazama ndege lichukuliwe kama lilivyo: watu watoke nje, wakawatazame.

Ukitoka utaona jambo ambalo mahubiri mengi huliruka. Ndege hakai tawini akangoja riziki imdondokee. Shore huanza kupekua majani hata kabla mwanga haujakamilika. Mdiria hukaa juu ya tawi la mkoko, akajitosa majini akakosa, akarudi tawini, akajitosa tena. Hana ghala. Hajui mchana utaleta nini. Hata hivyo anatoka. Kwangu mimi hapo ndipo tawakali inapoeleweka: kutoka na njaa yako, ukafanya kazi yote iliyo mikononi mwako, na kile kisicho mikononi mwako ukakiacha kwa Mwenyewe. Jaribu hivi: baada ya sala ya alfajiri, au Jumapili kabla ya ibada, chagua ndege mmoja tu umfuate kwa macho muda wote utakaoweza. Usiombe kitu. Usitafute somo. Mwangalie tu anavyoishi saa yake ile.

Kama unataka neno la wanasayansi pia, lipo. Mwaka 2022 watafiti wa King's College London walichapisha utafiti uliowahusisha watu 1,292, ambao mara kadhaa kwa siku waliulizwa kwa simu wanajisikiaje, na kama wanaona au kusikia ndege. Walipokuwa na ndege karibu, hali zao za moyo zilikuwa bora, na nafuu hiyo iliweza kudumu kwa muda wa hadi saa nane. Ilionekana pia kwa waliokuwa wameambiwa na daktari kwamba wana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Tafadhali usilisikie neno hilo vibaya. Ndege hawachukui nafasi ya daktari. Kama hulali, huli, au unafikiria kujidhuru, nenda kituo cha afya leo, na umwambie mtu wa karibu. Kiti cha uani kitakungoja.

Tumaini ni habari ndefu zaidi, na mahali pazuri pa kulitafuta ni Mida, ile hori ya mikoko kusini kidogo ya Watamu, kaunti ya Kilifi. Watu wa pwani tunazijua pepo mbili, kaskazi na kusi, na tunajua majahazi yalivyozifuata. Ndege nao wana majira yao. Kuanzia Agosti na Septemba, kabla kaskazi haijashika, ndege wa matopeni huanza kuteremka kutoka kaskazini ya mbali. Hukaa nasi hadi Aprili, masika yanapokaribia, kisha hurudi kwao kuzaa. Mmoja wao ni kitwitwi mdogo wa gramu sitini hivi, mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo chini. Anazaliwa Siberia, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, ambako kiangazi ni cha wiki chache tu. Wazazi wake hutangulia kusafiri. Kinda, ambaye hajawahi kuona bahari yetu, huondoka baadaye bila baba wala mama wa kumwonyesha njia, naye hufika. Ukimwona Mida mwezi wa Oktoba anadona matope kama vile alizaliwa hapo, jipe muda wa kulifikiri hilo.

Matope yaleyale yana ndege mwingine mwenye desturi tofauti kabisa. Ni mkubwa, mweupe na mweusi, ana miguu mirefu na mdomo mnene wa kupasulia kaa. Huzaa katika nchi zinazozunguka Bahari ya Arabu, Oman ikiwa mojawapo, na badala ya kujenga kiota hufukua shimo mchangani, akataga yai moja jeupe humo ndani. Kinda wake huja na wazazi, na hata baada ya kuvuka safari yote hiyo utamwona Mida amejikunyata mbele ya mama au baba anaomba kaa, naye anapewa. Miongoni mwetu pia wapo waliolazimika kufika peke yao, na wapo ambao bado wanalishwa. Ndege wote wawili wamefika ufuo mmoja, na mimi huwaonyesha wageni hao wawili kabla ya ndege wengine wowote.

Utafikaje? Ukitoka Mombasa, panda matatu ya kwenda Malindi kupitia Kilifi, umwambie kondakta akushushe Mida, kabla ya Gede. Kuna njia ya mbao iliyojengwa juu ya mikoko, na mwishoni mwake kibanda cha kujificha unapotazama. Kiingilio hakizidi mia chache za shilingi kwa mwananchi, na ni vizuri uulize bei ya siku hiyo kabla ya kuingia. Sehemu ya fedha za wageni huingia katika mpango uitwao ASSETS, ulioanza mwaka 2001, wa kuwalipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazoishi kando ya hori hiyo na ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mpango huo unaendeshwa na A Rocha Kenya, shirika la Kikristo la kutunza mazingira ambalo kituo chake, Mwamba, kipo Watamu. Mizizi ya A Rocha ni Ureno, mwaka 1983. Kwa hiyo unapolipa kumtazama kitwitwi, kuna mtoto wa Mida anayeendelea kukaa darasani.

Saa ya kwenda Mida haipangwi kwa saa ya ukutani. Inapangwa kwa maji. Yakiwa yamekupwa kabisa, ndege wametawanyika mbali na utawaona kama nukta. Yakiwa yamejaa, wamekwenda kupumzika. Fika saa mbili tatu kabla ya maji kujaa, wakati bahari inawasukuma taratibu kuja upande wako. Wavuvi watakuambia saa hizo bila malipo. Waulize pia kama ni bamvua au maji mafu, kwa sababu wakati wa bamvua maji hupanda haraka na huna haja ya kukutwa matopeni. Beba maji ya kunywa, kofia, na viatu visivyoogopa tope. Kijana wa kuongoza wageni atakutajia bei yake; kubalianeni kabla hamjaanza, na umlipe bila kumbana sana, maana macho yake yatakuonyesha ndege ambao wewe ungewapita.

Ukiwa na siku ya pili, msitu wa Arabuko-Sokoke uko hapo hapo, ng'ambo ya barabara kuu. Una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na ndio msitu mkavu wa pwani ulio mkubwa zaidi kati ya iliyobaki Afrika Mashariki. Huko usiingie peke yako, kwa sababu kuna ndovu. Chukua mwongoza wageni kwenye kituo cha msitu karibu na Gede, naye atakueleza ada ya siku hiyo na namna ya kuilipa. Mwananchi hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni wa nje. Mwombe akuonyeshe bundi wa Sokoke, ambaye ni mfupi kuliko kiganja na vidole vyako vikinyooshwa. Zaidi ya msitu huo, anajulikana pia katika Usambara ya Mashariki, Tanzania.

Nimemtaja bundi kwa makusudi, kwa kuwa upole unaanzia kwake. Katika vijiji vingi akilia juu ya paa watu husema ni uchuro, kuna atakayekufa, na vijana hutumwa wampige mawe. Ndugu msomaji, bundi analia kwa sababu anamwita mwenzake au analinda eneo lake, na yuko juu ya paa lako kwa sababu panya wako ghalani mwako. Bundi wa majumbani hula panya usiku kucha, bila sumu na bila malipo. Mwache. Ukisikia mtu anahimiza auawe, mweleze kwa utulivu, ikiwezekana mbele ya watoto, maana wao ndio watakaoishi na bundi kwa muda mrefu zaidi.

Upole una kanuni zake za kazi. Usikaribie kiota chenye mayai au makinda. Wazazi wakiogopa na kukaa mbali, makinda hufa kwa jua au huliwa. Usimwimbie ndege rekodi ya sauti yake kwenye simu ili atokee, kwa kuwa humdhania mpinzani na huacha kula na kulisha ili apigane na kitu kisichokuwapo. Kinda asiye na manyoya akianguka, mrudishe kiotani kwa mkono wako. Si kweli kwamba mama yake atamkataa kwa sababu ya harufu ya binadamu. Kinda mwenye manyoya anayerukaruka chini mwache, yuko katika kujifunza kuruka na wazazi wako karibu. Wewe zuia paka na mbwa tu. Mtoto mwenye manati usimnyang'anye kwa ukali. Mpe darubini kwa dakika kumi, umwambie atafute ndege watano tofauti. Nimeona manati zikiwekwa chini kwa njia hiyo, hazikuokotwa tena.

Nyumbani, weka sufuria pana yenye maji kina cha vidole viwili, mahali paka hawezi kuvizia. Badilisha maji kila siku na uisugue, la sivyo utakuwa unafuga mbu. Usiwape mkate. Panda mshubiri na miti ya matunda ya asili ya kwenu, na usipige dawa kila mdudu unayemwona, kwa kuwa makinda wengi hulelewa kwa wadudu hata kama wazazi ni wala mbegu.

Upole huo huhamia kwa watu bila kusukumwa, hasa kwa wasioweza kutoka. Mzee asiyetembea anaweza kuwekewa kiti dirishani na daftari mkononi, akawa mlinzi wa ndege wa nyumba nzima. Asiyeona atawatambua kwa sauti, na mara nyingi atakushinda: atakuambia dudumizi ameanza kulia, mvua haiko mbali, kabla wewe hujainua shingo. Ukienda kumwona mgonjwa na hujui la kusema, mweleze ulichokiona asubuhi. Watu wanaouguza huchoka kuulizwa hali. Habari ya mnana aliyefumua kiota chake huwapa mahali pengine pa kuweka mawazo.

Je, upole unaweza kubadilisha jambo kubwa? Tazama Rwanda. Korongo mwenye taji, yule mrefu wa kupendeza mwenye manyoya ya dhahabu kichwani, alikuwa akikamatwa kwenye vinamasi na kufugwa katika hoteli na nyumba za watu kama pambo, mabawa yamekatwa. Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana alianza kazi ya kuwarudisha. Kuanzia mwaka 2014 wananchi waliombwa wawasalimishe korongo wao bila kuadhibiwa, na watu waliitika. Walioweza kuruka walipelekwa Hifadhi ya Akagera wakazoezwa maisha ya porini tena. Walioharibiwa mabawa moja kwa moja walitengewa makazi Kigali, mahali panapoitwa Umusambi Village, ambapo mtu anaweza kwenda kuwatazama wakiishi kwa amani. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata korongo wasiofika 500 nchi nzima. Miaka michache baadaye walizidi 1,000. Hakuna aliyelazimishwa kwa bunduki. Waliofuga walielezwa kwamba ndege waliyempenda alikuwa anaumia, nao wakafungua mlango.

Ukitaka wenzako, wapo. Jijini Nairobi, chama cha Nature Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1909 kwa jina la jumuiya ya historia asilia ya Afrika Mashariki na Uganda, huwa na matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi. Watu hukutana Makumbusho ya Taifa saa tatu kasorobo, wakaenda pamoja mahali palipochaguliwa siku hiyo. Asiye mwanachama hulipa ada ndogo ya siku, na wenye magari hubeba wasio nayo. Fleur Ng'weno aliyaongoza matembezi hayo kwa miongo mingi, na Wakenya wengi wanaoongoza wageni leo walijifunzia hapo wakiwa hawana kitu mfukoni. Tanzania kuna Nature Tanzania, Uganda kuna NatureUganda. Waandikie uulize kama kuna kikundi karibu nawe. Kama hakuna, kianzishe na watu wawili. Chagueni siku moja ya juma, mahali pamoja, saa ileile. Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba huadhimishwa duniani kama siku ya ndege wahamao, nayo ni nafasi nzuri ya kuomba shule, msikiti au kanisa la mtaa liwatoe watoto nje.

Siku nyingine utatoka na usione kitu cha maana. Andika hivyohivyo: tarehe, saa, mahali, "kimya". Watafiti wanazihitaji siku hizo sawa na siku za neema, kwa kuwa bila hizo hawawezi kujua ndege wamepungua lini.

Na mwisho kuna jambo ambalo watu huniuliza kwa wasiwasi: nifanye nini nikimwokota ndege, mzima au mfu, mwenye pete ya chuma mguuni? Si uchawi wala ujasusi. Ni alama ya watafiti ili wajue anakokwenda. Mwezi Mei 1911, bwana mmoja wa Staffordshire, Uingereza, aitwaye John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete nyumbani kwake. Mwezi Desemba 1912 ndege huyo alipatikana ndani ya nyumba ya shambani huko Natal, Afrika Kusini, na mwenye nyumba akaona vema kuandika barua Uingereza. Ndivyo ilivyojulikana kwa hakika mbayuwayu wa Uingereza wanakwenda wapi kukipita kipupwe. Nawe fanya kama yeye. Ndege akiwa hai, usiitoe pete; soma namba na anwani, piga picha, mwachilie. Akiwa mfu, picha ya pete inatosha. Andika namba zote bila kuruka hata moja, tarehe, jina la kijiji, na jinsi ulivyompata, kisha upeleke habari hiyo kwa anwani iliyochongwa kwenye pete. Kama haisomeki vizuri na uko Kenya, ipeleke Makumbusho ya Taifa, Nairobi, au kwa Nature Kenya. Wao wataifikisha kwa aliyemvisha ndege huyo, popote alipo.